Jumamosi nne za Cochabamba, nyuma ya Soko la Majengo

Nimemaliza darasa hili wiki iliyopita na daftari langu limejaa hadi jalada la nyuma, kwa hiyo naandika sasa kabla sijaanza kuchanganya mambo. Ni darasa la historia la Jumamosi nne, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, kwenye baraza ya nyumba ya mhandisi mstaafu wa maji, mitaa ya nyuma ya Soko la Majengo hapa Dodoma. Ada ni shilingi elfu ishirini kwa Jumamosi zote, chai na mihogo ya kukaanga ikiwemo. Makaratasi ya kusomea unalipia elfu tatu nyingine. Somo ni mji mmoja tu: Cochabamba, nchini Bolivia, mji wa bondeni katikati ya milima ya Andes.

Mgogo anatafuta nini Bolivia? Mume wangu aliniuliza hivyohivyo. Tangazo nililiona dukani nilipokwenda kutoa kopi za risiti za dizeli. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji ya kijiji chetu, njia ya kwenda Hombolo. Tuna kisima kirefu kimoja, pampu moja, vituo vitano vya kuchotea, na ndoo ya lita ishirini tunaiuza shilingi hamsini. Tangazo lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene: "Historia ya mji wa bondeni: nani alilima, nani alikula, nani alilipa." Mimi ni mtu wa kulala na daftari la mapato chini ya mto. Maswali hayo matatu yalinitosha, nikatoa ile elfu ishirini palepale.

Mzee anayefundisha alijifunza Kihispania Cuba, alikopelekwa kusoma miaka ya 1980, na baadaye akakaa Cochabamba miezi kadhaa pamoja na wakulima wa umwagiliaji. Hana projekta. Ana sinia kubwa la bati lililojaa mchanga mbichi wa mtoni, na kila kipindi anaanza kwa kulichonga bonde upya mbele yenu. Upande wa kaskazini anainua Tunari, mlima wa zaidi ya mita 5,000. Chini yake anasawazisha uwanda wa mji, kama mita 2,560 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mara mbili ya kimo cha Dodoma yetu. Kwa kidole anachora Mto Rocha. Kisha anachukua birika na kumimina maji kutoka Tunari, nanyi mnakaa kimya mkitazama yanatangulia kufika wapi, na wapi hayafiki kabisa. Upande wa kusini wa sinia ulibaki mkavu Jumamosi zote nne. Hakusema neno juu ya hilo mpaka kipindi cha mwisho.

Jina la mji, alitueleza, ni la Kikechua, lugha ya wenyeji wa Andes: qucha ni ziwa, pampa ni uwanda. Halafu akatugeukia: "Na ninyi wenyeji, Dodoma maana yake nini?" Bibi mmoja kutoka Chamwino akajibu kabla hajamaliza kuuliza: idodomya, imezama, yule tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye tope. Wao jina lao limetoka kwenye maji yaliyotuama, sisi letu limetoka kwa mnyama aliyeyafuata. Mzee aliliandika jibu la bibi ubaoni na hakulifuta hadi tulipoondoka. Napenda mwalimu wa namna hiyo.

Jumamosi ya kwanza ilikwenda mbio na sikuona ubaya. Huayna Capac, mfalme wa Inka, dola ya Andes kabla ya Wahispania, alilichukua bonde lile akaleta wafanyakazi wapatao 14,000 kutoka mbali kulima mahindi ya jeshi lake. Pale Cotapachi, nje kidogo ya mji wa leo, palikuwa na maghala 2,400 yaliyopangwa kwa mistari. Wahispania walipokuja hawakubuni jipya, waliyageuza mahindi yaende kwingine. Mwaka 1545 madini ya fedha yaligunduliwa Potosí, mlimani juu ya mita 4,000, mahali ambapo hakioti cha kumshibisha mtu. Ikabidi unga wa ngano na mahindi upande mlima kutoka Cochabamba. Ndiyo maana mwaka 1571 wakaanzisha mji rasmi bondeni, wakauita Villa de Oropesa, kwa heshima ya ukoo wa gavana mkuu Francisco de Toledo. Huyohuyo Toledo ndiye aliyeipanga "mita", yaani zamu ya lazima ya kuchimba madini, wanaume wa nyanda za juu wakitolewa kwa mafungu kila mwaka. Waliokimbia zamu hiyo walishuka bondeni, wakabadili mavazi na lugha, wakawa mafundi, vibarua na wakulima wadogo. Shikeni hapo, maana watu hao waliokimbia ndio wenye historia yote inayofuata.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyonifanya nichelewe kulala. Mwaka 1730 alikuja ofisa kuhesabu watu, na ikajulikana kwamba machotara wa bonde wangeandikwa kama "Wahindi", yaani wenyeji wa asili wa Amerika, ili walipe kodi ya kichwa na kuingia kwenye zamu ya migodi. Mfua fedha mmoja, Alejo Calatayud, akaongoza mji kuinuka. Kwa majuma machache walishinda, wakapewa hata haki ya kuwa na viongozi wenyeji. Mwaka uliofuata akakamatwa na kunyongwa. Mzee alituuliza kwa nini kuandikishwa tu kuliwasha moto mkubwa hivyo. Kijana mmoja wa chuo akaanza kujibu kwa maneno marefu, lakini mzee mmoja aliyekaa mbele akamkata: "Mwanangu, babu yangu alikuwa anaifunga stakabadhi ya kodi kwenye nguo yake kiunoni, hata akienda kuoga mtoni anakwenda nayo. Jina likishaandikwa halifutiki." Hapo tulielewa wote.

Baada ya chai ikaja chicha. Chicha ni pombe ya mahindi. Mahindi yanalowekwa hadi yachipue, yanaanikwa, yanasagwa, yanachemshwa kutwa nzima, yanaachwa yachachuke. Akina mama wote barazani tulianza kucheka kwa furaha, kwa sababu hicho ni kimea, na kimea hatufundishwi. Wapishi wake tangu zamani ni wanawake, na mwenye chicha tayari anainua kitambaa cheupe kwenye mti mrefu mbele ya nyumba yake ili wapita njia wajue.

Halafu akatusomea mambo ya kodi. Karne ya 20 ilipoanza, ushuru wa chicha na wa mahindi yake ulikuwa nguzo ya mapato ya Cochabamba. Barabara zilizotiwa lami, mifereji, majengo ya umma, sehemu kubwa ililipwa na vibuyu vya wale mama. Na miaka hiyohiyo wakuu wa mji walikuwa wakizisukuma nyumba za chicha zitoke katikati ya mji, wakisema ni uchafu na aibu. Yaani pesa zao zilitakiwa mjini, wao wenyewe hawakutakiwa.

Niliweka kalamu chini. Mama yangu alipika pombe ya mtama miaka ishirini na mbili. Ada ya shule yangu ilitoka kwenye yale mapipa. Alilipa kibali na ushuru wa kila pishi, karatasi zake alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na bado aliambiwa mara mbili ahamishe kilabu chake nyuma, barabarani hapafai, wageni wanapita. Mara ya pili ilikuwa msimu wa mvua na vyungu viwili vilipasukia njiani. Hakuwahi kuuliza zile karatasi zilijenga nini. Mimi pia sikuwahi, hadi Jumamosi hiyo, na ni mimi ninayekusanya shilingi hamsini hamsini za mama wenzangu. Jumatatu yake nilibandika mapato na matumizi ya mwezi kwenye ukuta wa kila kituo cha maji, kwa mkono, herufi kubwa. Kama darasa lingeishia hapo ningesema elfu ishirini imerudi.

Hapa nina lawama. Tarehe 27 Mei 1812, wakati wa vita vya kujikomboa na Uhispania, wanaume wengi walikuwa wamekwisha kufa au kutawanyika, na wanawake wa Cochabamba wakapanda kilima cha San Sebastián kulizuia jeshi la jenerali Goyeneche wa upande wa Uhispania. Waliuawa. Bolivia nzima huadhimisha Siku ya Mama tarehe hiyo kwa ajili yao. Jambo zito kama hilo Mzee alilipa dakika kumi za mwisho, jua likizama, huku wengine wakitafuta viatu. Nilimwambia, naye alikubali, akasema awamu ijayo atalianza nalo. Nitauliza waliohudhuria kama ametimiza.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya ardhi. Kusema kweli ndiyo iliyokuwa dhaifu, nusu kwa sababu umeme ulikatika na jenereta ya jirani ikatumeza sauti. Nilichokishika ni hiki. Bolivia ilipigana na Paraguay Vita vya Chaco, 1932 hadi 1935, ikashindwa. Wakulima waliotoka vitani walirudi wakakuta bado ni watumishi wa mashamba makubwa, wanamlimia bwana siku zao bila malipo ili wapate kijishamba cha kulima chao. Mwaka 1936, Ucureña, kijiji kilichomo katika mabonde hayohayo ya Cochabamba, wakaunda chama cha wakulima. Hawakuanza kwa kudai shamba la bure. Walitaka kulikodi moja kwa moja shamba la watawa wa Santa Clara, dalali asiwepo katikati. Wakajenga na shule. Baada ya mapinduzi ya 1952, Rais Víctor Paz Estenssoro alikwenda Ucureña mwenyewe kusaini amri ya kugawa ardhi, tarehe 2 Agosti 1953, mbele ya umati wa wakulima. Karatasi ilisainiwa kijijini kwa watu, wao hawakupanda basi kuifuata makao makuu.

Kulitokea mabishano mazuri hapo kuhusu Operesheni Dodoma ya 1971, Wagogo walipohamishwa kuingia vijiji vya ujamaa. Mzee mmoja wa Mvumi alisema kijijini walipata shule na zahanati, akataja na ng'ombe waliokufa. Mwalimu aliwaacha wazungumze, hakuamua kesi. Nilitamani aamue kidogo, ila labda ndivyo inavyotakiwa.

Alitaja pia Simón Patiño, mzaliwa wa bonde hilo, aliyetajirika kwa migodi ya bati hadi akahesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia. Alijenga kasri mjini Cochabamba na hakuwahi kuishi ndani yake.

Sasa maji. Kwa ajili ya Jumamosi ya nne peke yake ningelipa ada yote upya.

Mzee alianzia mbali, na alifanya vizuri. Mwaka 1985 serikali ya Bolivia ilibadili uchumi kwa amri moja, migodi ya taifa ikafungwa, maelfu ya wachimba madini wakashuka na familia zao. Wengi waliishia kusini mwa Cochabamba, upande ule mkavu wa sinia. Bomba la mji halikuwafikia. Walichanga, wakachimba visima vyao, wakaunda kamati, wakachagua wenyeviti na waweka hazina. (Niliinua kichwa niliposikia waweka hazina.) Wakulima wa pembezoni nao tangu miaka ya 1990 walikuwa wakikataa shirika la maji la mji lisichimbe visima virefu vya kunyonya maji yao ya chini. Kwa hiyo watu walishajifunza kukutana muda mrefu kabla ya ugomvi mkubwa.

Septemba 1999 serikali ikasaini mkataba wa miaka 40 na kampuni ya Aguas del Tunari, ambayo nyuma yake kulikuwa na Bechtel ya Marekani. Mwombaji wa zabuni alikuwa huyo mmoja tu. Ndani ya mkataba kulikuwa na ahadi ya faida ya kama asilimia 15 hadi 16 kwa mwaka, na gharama za mradi wa bwawa la Misicuni zikawekwa humo. Oktoba ikapitishwa Sheria namba 2029, iliyompa mwenye mkataba haki ya peke yake katika eneo lake. Maana yake, kisima ulichochimba kwa jembe na mchango wako kingeweza kuingia mikononi mwake. Mzee hakututia chumvi hapo. Alisema sheria iliandikwa kwa upana hivi kwamba watu waliogopa hata maji ya mvua yangechukuliwa, na akatuonya tusirudi nyumbani tukisema mvua ilikuwa imeuzwa.

Januari 2000 zikatoka ankara mpya. Wapo walioona zimepanda mara mbili. Hapo vikakutana vikundi vitatu ambavyo kwa kawaida havikai meza moja: wakulima wa mifereji, kamati za visima vya kusini, na wafanyakazi wa viwandani. Msemaji wao akawa Oscar Olivera, fundi wa kiwanda cha viatu. Wakaziba barabara. Machi wakapiga kura yao wenyewe, kwa masanduku yao, watu wapatao 50,000, na walio wengi wakakataa mkataba. Serikali ikasema kura hiyo si halali. Tarehe 8 Aprili Rais Hugo Banzer akatangaza hali ya hatari, na siku hiyo kijana wa miaka 17, Víctor Hugo Daza, akapigwa risasi ya uso akafa. Tarehe 10 serikali ikatia saini kuuvunja mkataba.

Mzee alimimina maji tena juu ya sinia, polepole, na baraza zima kimya.

Kampuni ilikwenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia kudai mamilioni ya dola. Januari 2006 ikaachia kesi kwa boliviano mbili, sarafu za nchi, pesa ya kununulia mkate. Hapo alitukumbusha ya kwetu, ambayo wengi barazani tulikuwa tumeisahau: kampuni ya City Water ilianza kuendesha maji ya Dar es Salaam Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10, na Mei 2005 serikali yetu ikauvunja. Kesi ikaenda kwa wasuluhishi wa baraza lilelile. Mwaka 2008 wakasema Tanzania ilikiuka baadhi ya wajibu wake ila fidia hakuna. Kijana wa chuo alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo. Alilinakili mara mbili.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hakuiachia hadithi iishe kwa shangwe. Nilimuuliza, "Mzee, baada ya kushinda, maji yalifika kusini?" Akakaa. Akasema, "Binti yangu, shirika lilirudi kwa umma, na shida zake zikarudi nalo." Bwawa la Misicuni lilikuja kuzinduliwa 2017. Lakini miaka mingi baada ya ushindi familia za kusini ziliendelea kununua maji ya boza, kwa bei inayozidi ya mwenye bomba kaskazini, na kuyaweka kwenye mapipa mbele ya nyumba. Bolivia ilikwenda Umoja wa Mataifa na Julai 2010 ikapitishwa kwamba maji ni haki ya binadamu, wakati huo mama wa kusini mwa Cochabamba anasikilizia honi ya boza. Nilimfikiria jirani yetu anayepanga Nkuhungu na madumu yake.

Kipande hicho kilipaswa kuwa Jumamosi nzima. Kilipata kama robo saa. Kushinda tumekusikia, sisi wenye kamati tunataka kujua namna ya kuendesha baada ya kushinda: nani anashika funguo, nani anakagua hesabu, pampu ikiungua nani anadaiwa. Kijiji chetu kiliwahi kumpa fundi malipo yote mkononi kwa ajili ya pampu mpya, naye hakuonekana tena. Tulikaa wiki saba tukichota korongoni. Kamati za Cochabamba lazima nazo zilipita humo, na Mzee amekaa nazo, anayo ya kusema. Namuomba aongeze Jumamosi ya tano, hata kwa elfu tano ya ziada.

Mengine madogo. Viti ni vya plastiki bila mito, njoo na kanga ya kukalia. Makaratasi yamepunguzwa sana kwenye kopi, mwenye miaka yangu atahitaji miwani, na ramani imetoka nyeusi tupu. Baraza inatazama magharibi, jua la saa kumi linakuchoma usoni, kwa hiyo wahi viti vya ukutani. Chai ni nzuri, ina tangawizi, na mke wa Mzee anapita mwenyewe na sahani akiwasalimu "Mbukwenyi" mmoja mmoja. Watoto wanaruhusiwa. Mwanangu wa darasa la sita alikuja Jumamosi ya nne na ndiye aliyepewa birika kumimina.

Awamu nyingine inaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, nafasi ni kumi na nane. Nimemwandikisha katibu wetu na kumlipia mfukoni mwangu, na nimemwambia akae upande wa kusini wa sinia.